Kisogo

Baiskeli ile ukiiona mara ya kwanza utacheka.
Gurudumu la mbele dogo, la mtoto wa darasa la pili,
la nyuma kubwa, la mtu mzima,
na uma wa mbele umegeuzwa, umerudi ndani,
kama baiskeli iliyogonga ukuta wa kanisa
ikaona haya kunyooka tena.

Mimi ndiye niliyeupiga tupa uma huo.
Gent, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha kitani,
karakana ya fundi Achiel Verstichel,
mwaka nilioanza kunyoa ndevu ambazo hazijaota.
Nikamwambia, "Fundi, umekaa kinyume."
Akatema chembe ya tumbaku. "Lete chaki."

Akachora sakafuni: pikipiki,
mkiani mwake rola ya chuma inayozunguka ovyo,
nyuma ya rola, kigurudumu.
"Kila inchi ninayoipunguza hapa
upepo hautaipata.
Na akiigusa rola, maana ataigusa tu,
uma ulionyooka utamtupa.
Huu utainama, useme samahani."

Gia ya mbele meno sitini na sita.
Nguzo chini ya pua ya kiti, kiti kisikimbie.
Tairi zimegandishwa kwa gundi, kisha zikafungwa vitambaa
mzunguko juu ya mzunguko, kama kidole chenye jeraha,
kwa sababu tairi ikichomoka kwa mwendo ule
hakuna wa kukuuliza ilikuwaje.

Mpandaji alikuwa Odilon Baeckelandt.
Mwenye pikipiki, kaka yake, Florimond.
Tangu nyumba ya mama yao kule Eeklo iuzwe
hawakusemezana. Si salamu, si pole, si nipitishie chumvi.
Odilon alimwambia kila mtu mkahawani:
"Kaka yangu amenipa kisogo."

Na kweli alimpa.
Kila Jumapili alimpa, saa nzima,
amesimama wima juu ya pikipiki kama mlango,
koti la ngozi limepanuka, magoti nje, viwiko nje,
akijifanya mnene ili upepo umkute yeye kwanza,
na nyuma yake, shibiri moja kutoka kwenye rola,
kilomita themanini kwa saa,
ndugu yake akikanyaga pedali ndani ya shimo la utulivu
ambamo kiberiti kingewaka.

Kofia ya Florimond ilikuwa na masikio yaliyogeuzwa.
Sijui kama umewahi kuiona kofia hiyo:
ngozi imeziba mbele, matundu yanatazama nyuma,
asisikie injini, wala filimbi, wala walevi wa jukwaani;
asikie mtu mmoja tu.
Na mtu huyo alikuwa na maneno mawili.
"Haya!" Yaani ongeza.
"Hoo!" Yaani pole, naachwa.
Maneno mawili, miaka saba.
Kuna ndoa zenye machache zaidi.

Usiku mmoja wa Novemba, mbao zina unyevu,
nilikuwa juu ya kona na kisanduku changu cha spana.
Nikasikia "Hoo!"
Mzunguko uliofuata sikusikia kitu.
Niliona mdomo wa Odilon uko wazi, mtupu,
na Florimond, nani alimwambia?,
akapunguza, akapunguza, kama mtu anayelaza mtoto,
kigurudumu kikagusa rola, uma ukainama,
ukasema samahani,
wakashuka pamoja hadi utepe wa buluu.
Odilon akalala juu ya usukani, yu hai, uso rangi ya jivu.
Florimond hakugeuka.
Alizima injini, akavua glavu, akaenda kuoga.

Moyo, alisema daktari. Asipande tena.

Baiskeli ikarudi kwetu, ikaning'inia juu ya mashine ya kutoboa.
Barabarani haifai: haina breki, haina subira,
na bila mgongo mbele yake ni chuma kinachotetemeka tu.
Fundi alikufa. Nimerithi tupa, na deni la makaa.

Alhamisi moja alikuja Florimond, mzee, miguu imevimba.
Hakusema amefuata nini. Nikamvutia kiti.
Akakigeuza, akakaa
akaipa baiskeli kisogo,
kichwa kimeinama kidogo, upande wa kushoto.
Nilitaka kumuuliza kama Odilon bado yuko Eeklo.
Nikaona anasikiliza.
Nikazima mashine.